Chenga za Mlangoni

Bugarama, Rusizi
Jumapili, baada ya alasiri

Mdogo wangu Mwajuma,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya mashine, penye kivuli cha ukuta, maana ndani joto la injini bado halijatoka. Goti lako linaendeleaje? Bado unalipaka yale mafuta ya mwarobaini, au hatimaye umemsikiliza daktari? Na shemeji, kile kikohozi chake cha msimu wa vumbi kimemwacha? Nataka majibu ya kweli. Usinipe tena lile la "sote wazima" halafu baadaye nasikia kwa watu kwamba ulilazwa.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Naamka, naswali, nakunywa chai, nafungua mashine. Moyo ndio umechoka, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Umesema kima cha chini cha mishahara kimepanda huko, na mgahawa wako ni mdogo, wasichana ni wawili, na faida ya chapati na maharage haikupanda pamoja na mshahara. Umesema umefikiria njia mbili: ama umwondoe mmoja, yule Tatu, kwa kuwa ndiye mgeni kazini, ama uwabakize wote lakini ukate sahani ya mchana wanayokula hapo kwako na ile wanayofunga jioni kupeleka nyumbani. "Kaka," ukasema, "wewe una mashine na una watu. Niambie nikate wapi."

Ningekujibu kwa simu, lakini unanijua. Nikianza kueleza jambo, salio linakwisha kabla sijafika katikati. Tena jambo lenyewe sitaki lisikiwe na kila anayepita mbele ya mgahawa wako. Kwa bahati yupo dereva wa Uvinza aliyeleta chumvi Kamembe. Anarudi keshokutwa, na amekubali kupita Ujiji. Basi nimepata nafasi ya kueleza nipendavyo.

Nianze na jinsi mashine ndogo ya kukoboa mpunga inavyoishi, maana usipolijua hilo hutanielewa. Mkulima analeta mpunga wake. Wanawake wetu wanauanika kwenye maturubai kama haujakauka vizuri, mashine inaukoboa, wanawake wanapepeta na kuchambua mawe, mkulima analipa kwa kilo, anabeba mchele wake anaondoka. Mpunga ni wake, mchele ni wake. Chetu ni kazi tu. Kwa hiyo bei ya kazi ikipanda, hatuna pa kuificha. Wewe unaweza kupunguza upana wa chapati na mteja asigundue mpaka mwezi uishe. Mimi siwezi kupunguza upana wa kilo. Na nikipandisha bei peke yangu, mkulima anavuka barabara tu, kuna mashine nyingine.

Huku kwetu kima cha chini tulikipanga wenyewe, sisi wenye mashine ndogo wa bonde hili. Wanawake walianza kutukimbia. Wengine walikwenda kubeba kokoto barabarani, wengine walipanda milimani kulima, na waliobaki wakakaa pamoja wakatuma ujumbe kwamba malipo ya siku hayanunui tena sabuni. Walikuwa na haki. Tukakutana, tukabishana sana, mwisho tukapeana mikono: hakuna mashine itakayolipa chini ya kiasi fulani kwa siku, na kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko tulivyozoea.

Siku nilipowatangazia, laiti ungekuwepo. Tuna mmoja anaitwa Maman Neema, mnene, mdomo haulali. Alirusha ungo wake juu.

"Aah, Mwalimu! Sasa nitaolewa mara ya pili!"

"Nani atakuoa weye na ile mudomo?" wenzake wakamwuliza.

"Nitajioa miye mwenyewe. Mahari niko nayo!"

Hata mimi nilicheka. Maman Sifa naye alicheka, akifunika meno kwa kiganja kama kawaida yake. Huyo Maman Sifa nakuomba umkumbuke, maana nilikusimulia habari zake tulipomzika wifi yako. Ni yule mrefu, mwembamba, anayeimba nyimbo za kanisani bila maneno, sauti ya puani tu, huku anapepeta. Zainabu wangu alipolala miezi ile ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, kwa sababu mgongo wangu haukuniruhusu na binti zetu walikuwa mbali. Alikuwa akitoka mashineni, anapita nyumbani kwangu, anamgeuza mgonjwa, anambadilishia shuka, ndipo anakwenda kwake. Hakuniomba kitu hata siku moja.

Baada ya kicheko nilibaki na hesabu. Nikajiuliza, mashine ndogo itabebaje malipo haya? Nakueleza niliyoyafanya, labda nawe yatakufaa.

Kwanza niliangalia ni saa zipi nawalipa watu bila kazi. Utashangaa, Mwajuma. Tulikuwa tunafungua kila siku, mpunga unakuja kidogo kidogo, nusu ya siku watu wamekaa wanasubiri mkulima. Nikatangaza siku maalumu za kukoboa. Wakulima walinung'unika, kisha wakazoea, na siku hizo mashine haipumui. Nikawaomba pia walete mpunga uliokauka, na anayeleta mbichi akalipia kuanika. Makapi tuliyokuwa tunayatupa nyuma ya nyumba nikawauzia wachoma matofali. Tena sisi wenye mashine tukakubaliana kupandisha bei ya kukoboa kidogo, wote siku moja, na kila mmoja akawaeleza wakulima sababu kwa mdomo wake. Mkulima akielezwa analalamika, lakini anarudi. Asipoelezwa anaona ameibiwa.

Kwa hayo tu tungepona. Hilo nimelijua sasa. Lakini wakati ule tulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anaendelea kukata hata pale panapotosha.

Ukipita ng'ambo ya barabara ipo mashine ya Papa Dezire. Alizaliwa na kukulia Uvira, wazazi wake walipokuwa wanaishi Congo, akarudi huku akiwa mtu mzima. Si mtu mbaya. Zainabu alipofariki yeye ndiye aliyeleta viti. Siku moja alikuja akakaa hapa hapa kwenye benchi ninapoandikia.

"Mwalimu, weye unafikiri sana," akaniambia. "Angalia. Banamuke banalipwa mara mbili! Franga mu mukono, chenga mu beseni. Franga imepanda. Beseni ishuke."

Hapa nikueleze. Mashine ikikoboa, punje nyingine huvunjika, na hizo ndizo chenga. Nyingi humfuata mkulima ndani ya mfuko wake, lakini nyingine huanguka chini ya chekeche, na nyingine wakati wa kupepeta. Hizo za sakafuni ni za mwenye ufagio. Ni desturi ya mashine zote za bonde hili, na kwetu Zainabu aliishika kama ibada. Jioni injini ikizimwa, wanawake wanafagia, wanapepeta vumbi, wanagawana mlangoni, kila mmoja na beseni lake, wanaondoka. Mwenye mashine hageuzi hata shingo.

"Ni desturi, Papa Dezire," nikamwambia.

"Desturi ilikuwa sababu franga ilikuwa kidogo. Sasa franga ni mingi, desturi inafanya nini hapa?"

Nilimsikiliza, na ubaya wake ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Wenye mashine wengine walikuwa wamekwisha kukubali. Nikakubali nami. Chenga zikawa mali ya mashine, ziuzwe kwa wafuga kuku.

Na kwa kuwa nimefundisha maisha yangu yote na siwezi kuamuru jambo bila kulieleza, niliwaita wanawake, nikachukua chaki, nikaandika kwenye mlango wa bati. Upande mmoja niliandika malipo ya zamani pamoja na bei ya beseni la chenga sokoni. Upande wa pili malipo mapya. Upande wa pili ulikuwa mkubwa, na haukuwa mkubwa kidogo.

"Mnaona?" nikauliza.

"Tunaona, Mwalimu," wakaitikia kama darasa.

"Ile mulango iko na akili kutupita," akasema Maman Neema, na watu wakacheka.

Maman Sifa hakucheka. Alipangusa beseni lake tupu kwa ncha ya kikwembe, akalitia kichwani, akaenda zake. Nikadhani amechoka.

Wiki zikapita. Kazi ilikwenda, malipo yalitoka kila Jumamosi, hakuna aliyelalamika. Niliona tu kwamba jioni wanaondoka haraka, na kwamba nyimbo za Maman Sifa zimepungua. Zile chenga tulizowauzia wafuga kuku, ukitaka kujua, hazikutosha hata kununua mkanda wa mashine.

Kisha ikaja alasiri ile. Papa Dezire alivuka barabara kuja kuazima mkanda, wake ulikuwa umekatika. Wanawake walikuwa wanamaliza kufagia. Maman Sifa akapita mbele yake, na yeye akaona kikwembe kimefungwa fundo kiunoni, fundo zito.

"Maman Sifa, simama kwanza. Iko nini mu kikwembe?"

"Chenga, Papa."

"Chenga ya nani?"

Maman Sifa hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Mwalimu anajua," akasema. "Ilikuwa yetu."

Papa Dezire akanyoosha mkono, akagusa lile fundo. Sidhani alitaka kulifungua, lakini lilifunguka, na chenga zikamwagika miguuni pake, juu ya sakafu ambayo Maman Sifa alikuwa ametoka kuifagia. Wote walisimama. Na pembeni yake, Mwajuma, karibu kabisa na mkono wake, mifuko ya mchele mzima wa mkulima ilikuwa wazi, haijashonwa. Alikuwa ameipita hiyo. Alichukua kile tu kilichokuwa chake.

"Mwizi ni mwizi, Mwalimu," akasema Papa Dezire. "Ukimuacha huyu, kesho bote batabeba ata mashini."

Tulikuwa tumekubaliana katika ule umoja wetu kwamba atakayeiba, jina lake litapelekwa mashine zote, asipate kazi popote bondeni. Nilimvuta Papa Dezire kando, nikamwomba asilipeleke. Alikuwa na haya yeye pia, nilimwona. Akasema sawa, lakini Maman Sifa akae nyumbani kwanza, watu wasahau. Nikaona nimemwokoa. Nikarudi nikamwambia, "Maman Sifa, nenda upumzike kidogo. Nitakuita."

"Asante, Mwalimu," akasema.

Halafu akainama. Akaanza kuokota zile chenga kutoka sakafuni kwa mikono, akizirudisha kwenye mfuko wa chenga za mashine. Nikamwambia aache. Hakuacha. Wenzake wakataka kumsaidia, akawazuia kwa kiwiko. Aliokota mpaka sakafu ikawa safi kama sinia, sisi wote tumesimama tunamtazama, hakuna aliyejua aweke wapi macho. Kisha akajipangusa mikono akaondoka.

Nilipoona hasira zimepoa nilimtuma Maman Neema akamwite. Akarudi peke yake. "Hayuko, Mwalimu," akasema, na hakuongeza mzaha wowote. Basi nikaenda mwenyewe.

Nyumba yao iko mwisho wa bonde, mahali mashamba ya mpunga yanapoishia na kilima kinapoanza. Nilimkuta mumewe juu ya paa, anapigilia misumari. Bati mpya, zinang'aa mpaka macho yanauma. Akaniona, akashuka kwa furaha, kwani kwake mimi nilikuwa mgeni wa heshima.

"Mwalimu, karibu! Ona bati. Imetoka mu ile franga yenu ya mupya!"

Nilimwuliza mkewe yuko wapi. Uso ukabadilika. Akasema amekwenda kwao, Butare. Si ule mji wa Butare, ni tarafa yetu ya huku Rusizi, milimani. Akasema hajui kulitokea nini, mkewe hasemi. Anajua tu kwamba kila Jumamosi alikuwa anamletea franga zote bila kupunguza hata moja, naye akanunua bati, kwa sababu mvua zilizopita zililoweka watoto kitandani. "Franga ya Jumamosi mi najua ni ngapi," akasema. "Bondeni bote banajua, mulitangaza. Chenga miye sikuuliza ata siku moja."

Hakuwa mlevi, Mwajuma, wala mkorofi. Alikuwa baba anayeezeka nyumba. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

Ndani, mlangoni, alikuwa amekaa mama yake, bibi kizee asiyeona. Alisikia sauti yangu akageuza kichwa.

"Njo weye wa muchele?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama. Ndiye mimi."

"Ule muchele wa mudogo-mudogo ulikuwa mulaini. Miye siko na meno. Magaribi nilikuwa naisikia mu sufuria, inachemka, najua tutakula." Akanyoosha kidole kuelekea paani. "Ile franga mupya banasema ni kubwa. Inapita kwa mulango, inapanda kule juu. Miye siisikii."

Nilisimama chini ya zile bati mpya nikaelewa kile ambacho chaki yangu haikukiandika. Nakueleza na wewe, taratibu, maana hili ndilo jibu la swali lako. Malipo yana jina. Yanatangazwa, yanajulikana, na yakifika nyumbani yana mwenyewe anayeyasubiri: bati, karo, deni la dukani. Kila mmoja ana haki. Lakini chenga hazikuwa na jina. Hakuna aliyezihesabu, kwa hiyo hakuna aliyezidai. Zilitoka kwenye ufagio zikaenda moja kwa moja sufuriani, kila jioni, mikononi mwa mwanamke mwenyewe. Nilizipima kwa bei ya sokoni, nikaona ni ndogo. Hazikuwa zikienda sokoni.

Nilirudi nikafuta ile hesabu ya chaki mlangoni. Nikawaambia wanawake kwamba chenga ni zao kama zamani, na malipo yanabaki yale mapya. Papa Dezire alikuja kuniuliza kama nimepata wazimu. Nikamwonyesha hesabu ya zile siku maalumu, na makapi, na bei mpya, nikamwambia, mashine imekwisha kujilipa, hizi chenga tulikuwa tunakata nini? Akaifuata hesabu kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ule mumama?"

Nikapanda Butare kumtafuta. Mguu wangu unaujua, na njia ile ni ya mtu kijana. Nilimkuta analima shamba la maharage la mtu, kibarua, kwa malipo ambayo sitayataja, ni chini hata ya yale yetu ya zamani. Alinisalimu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mguu wako unauma. Juu ya nini ulipanda huku?"

"Nimekuja kukuita. Ufagio nimeurudisha. Na malipo ni yale yale mapya."

"Asante. Mungu akubariki."

"Utakuja lini?"

Akaegemea jembe. Nilidhani atasema Jumatatu. "Mwalimu," akasema, "kuinama pale haikuwa kazi. Nilikuwa nainama, naimba. Sasa nikiinama, batu bataangalia mikono yangu."

"Hakuna atakayeangalia, Maman Sifa."

"Weye utaangalia," akasema kwa upole, kama mtu anayemfariji mtoto. "Ata kama hautaki."

Ilikuwa kweli, Mwajuma. Akaniuliza kaburi la Zainabu kama limefyekwa. Nikamwambia limefyekwa. Akasema vizuri. Akarudi kulima, nami nikateremka. Hajarudi bondeni mpaka leo. Mumewe amemfuata mara mbili, na safari ya pili alikwenda na watoto, akawaacha huko huko na mama yao. Yeye amebaki na bibi kizee chini ya bati mpya.

Sasa sikia lililobaki, ndilo linalonisumbua nikilala. Ufagio upo. Ruhusa ipo. Jioni wanawake wanafagia, wanapepeta vumbi, wanakusanya rundo la chenga pale mlangoni, safi, jeupe. Kisha wanajifunga vikwembe vyao na kupita kando yake, mmoja mmoja, mikono mitupu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinama. Nilimsihi Maman Neema, nikamwambia chukua wewe, wengine watafuata.

"Acha tu, Mwalimu," akasema. "Tuko na franga."

Hakucheka aliposema hivyo. Kuku wa Papa Dezire wanavuka barabara wanakula, na yeye mwenyewe anakuja kuwafukuza.

Ndiyo maana nakuandikia haraka kabla hujakata, Mwajuma. Tatu usimwondoe, na sahani usiiguse. Wala usimpigie hesabu ya sahani hiyo, ukamwambia inagharimu kiasi gani ili ajue unampa. Ukiisha kuitaja bei yake umekwisha kuikata, hata kama bado anaila. Anza kwingine. Tazama ni saa zipi mgahawa uko wazi na hakuna mlaji, ufunge saa hizo, upike kwa wingi saa watu wanapokuja. Ongea na wenye migahawa jirani mpandishe bei ya chai pamoja, na wateja waambieni kwa nini. Kaa na wasichana wote wawili uwaulize nani anaweza kuja asubuhi tu na nani jioni tu, maana pengine hata wao hawahitaji siku nzima. Ukiona bado haitoshi, nipigie, nitauza makapi zaidi. Lakini sahani ile inayofungwa jioni hujui inakwenda kwa nani. Mimi pia sikujua, na aliyezibeba chenga ndiye aliyemgeuza mke wangu kitandani kwa miezi.

Nisalimie shemeji, mume wako, umwambie asichezee kikohozi. Msalimie Mama Mdogo Bi Asha wa nyumba ya nyuma, umsomee barua hii sehemu ya bibi kizee, ataielewa kuliko sote. Salamu kwa binamu yetu Shabani fundi baiskeli, na kwa wajukuu wangu wote waliokusanyika kwako, hata wale ambao majina yao nimeanza kuyachanganya. Shemeji zangu wa Kamembe, ndugu za marehemu, wanakusalimu sana, na wanauliza lini utakuja kuona kaburi la wifi yako.

Dereva atakukabidhi mfuko pamoja na barua hii. Usishangae kuona punje zimevunjika. Ni chenga za mlangoni kwangu, za jioni kadhaa. Nilizizoa mwenyewe baada ya wanawake kuondoka, nimeinama na mgongo huu huu, nikazipepeta mara mbili. Hazina jiwe. Zipike ziive sana, zinakuwa laini mpaka asiye na meno anakula. Mpe na Tatu sehemu yake, afunge jioni aende nayo, na asiulizwe chochote.

Huku hakuna anayezitaka.

Ni mimi, kaka yako uliyezaliwa nyuma yake,
Rajabu